Nilivyotaka kujifunga mwenyewe kwa neno moja mahakamani

Asalaam aleikum jamani. Kuna kijana wa mtaani kwetu anaendesha boda, kanipigia juzi usiku kakamatwa, ananiuliza "kaka nikubali tu yaishe?" Nikamwambia ngoja kwanza. Na hili bora niliandike kabisa maana si yeye tu anaeniuliza, na mie mwenyewe neno hilohilo lilitaka kunitia ndani.

Yangu ilikuwa hivi. Masika, baada ya magharibi, natoka mjini narudi Fuoni, hapa kwetu Unguja, na vespa, mvua ya rasharasha, mzee mmoja na baskeli yake akachomoza kichochoroni tukavaana, wote chini. Mie magoti yalichubuka, yeye kifundo cha mkono kiliteguka. Trafiki wakaja wakapima wakachora, vespa ikabebwa, mzee akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akaenda hospitali, na mie nikaandikiwa makosa mawili, kuendesha kwa hatari na kutokuwa na bima. Bima wallahi ilikuwa imekwisha wiki mbili na nilikuwa najua.

Usiku uleule ami yangu kaja. "We kubali yote, hakimu atakuonea huruma, utalipa faini, Jumatatu uko kazini." Na upande wa mzee tulishakaa nao, nimelipa matibabu, nimelipa rimu ya baskeli, tumesoma fatiha, basi mie moyoni nikaona khalas. Kumbe kesi si ya yule mzee. Anaeshtaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka, mzee ni shahidi tu, kusameheana kwenu kunaweza kukusaidia ikifika adhabu lakini hati ya mashtaka iko palepale.

Nikasomewa, nikaulizwa kweli si kweli, nikasema kweli, yote mawili, mbio mbio kama mtoto wa chuoni anaetaka kuachiwa akacheze. Sasa hapa ndipo wengi hatujui. Ukishakubali hawakuhukumu hapohapo, mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya tukio lilivyokuwa halafu unaulizwa tena kama na hayo ni kweli. Akaanza kusoma, mie nimeinama, mara nasikia "bila ya taa na upande usio wake". Heee! Taa ilikuwa inawaka! Nikanyosha mkono, mheshimiwa, taa ilikuwa inawaka na nilikuwa kushoto kwangu. Hakimu akanitizama, akaandika, akasema basi kosa la kwanza umelikataa, litasikilizwa.

Baadae wakili mmoja akanambia utaratibu huo umeelezwa kwenye kesi ya zamani, ya Adan, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1973, mpaka leo majaji wanaitaja. Ukipinga jambo la msingi kwenye yale maelezo, kukiri kwako kunafutwa. Ukinyamaza umejifunga, na aliekiri mwenyewe mlango wake wa rufaa ni mdogo, unaweza kulalamikia adhabu, lakini ukitaka kusema sikufanya inabidi uoneshe kwamba kule kukiri kwenyewe kulikuwa na kasoro, labda hukufahamu ulichosomewa, au maelezo yenyewe hayajengi kosa.

Ila msinielewe vibaya, sisemi mtu akatae kila kitu. La bima nililikubali na sijutii, karatasi inasema yenyewe, ungebisha nini? Nikakubali, nikaomba nipunguziwe, sijawahi kushtakiwa kabla, nina watoto, nimeshamtibu mzee, faini ikawa ya kubebeka. Yaani kila kosa lisikilize peke yake, usiyabebe yote kwa mkupuo kama mzigo wa kuni.

Dhamana ndio iliniumbua. Niliambiwa wadhamini wawili wenye kitambulisho cha Mzanzibari na barua ya sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaa wako, wadhamini ninao, barua sina, na sheha siku hiyo kaenda maziko Makunduchi. Nikalala Chuo cha Mafunzo, ndio jina la jela kwetu Zanzibar. (Watu wa bara ukiwambia "mwanangu yuko Chuo cha Mafunzo" wanakupa hongera.) Kwa hivyo ukijua una tarehe ya mahakama, barua iwe mfukoni siku moja kabla. Ni kweli mengine hayana dhamana, kama mauaji, lakini ajali kama yangu ni uzembe wako tu kulala ndani.

Kosa la kwanza nilishinda, na si kwa maneno. Aliekagua vespa aliandika taa inafanya kazi, na mchoro wa trafiki wenyewe ulionesha tulipogongana ni upande wangu. Mie nisingejua kama wakili hakuniambia niombe kuviona. Kuthibitisha ni kazi yao bila ya kuacha shaka, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 kifungu cha 12 inasema mtuhumiwa asitendewe kama mkosa mpaka ithibitike. Polisi pia, maelezo yako yasome mstari kwa mstari kabla hujatia saini, kama huoni vizuri mwite mtu wako akusomee.

Halafu hizi video za mawakili wa bara mnazotumiana, nzuri, lakini vifungu vyao si vyetu. Sisi tuna Sheria ya Usafiri Barabarani nambari 7 ya 2003, na Sheria ya Adhabu na ya Mwenendo wa Jinai zetu zote ni za 2018. Jamaa mmoja alisimama kizimbani akamtajia hakimu kifungu cha bara, watu wakacheka mpaka karani.

Wakili wa kulipa sikuwa na pesa yake. Nilikwenda Kituo cha Huduma za Sheria, kipo tangu 1992, na Pemba wapo, kina mama wana ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake Zanzibar, na majimboni kuna wasaidizi wa sheria ambao huenda ni jirani yako na hujui. Msaidizi wa sheria hakusimamii mahakamani kama wakili lakini atakufahamisha hati yako inasema nini, na hilo pekee lingeniokoa mie usiku mmoja.

Kijana wa boda nimemwambia aniletee hati nione. Makosa matatu, moja leseni, kweli hana. Hayo mawili anasema si yeye. Kesho asubuhi tunakwenda kwa sheha kwanza.