Mkate wa mtoto asiyekula ngano: tunavyooka na kulima hapa Bombo

Dada wa Masaka, umeuliza uoke kwa unga gani sasa mtoto wako amekatazwa ngano na ule unga maalumu wa kutoka nje bei yake haishikiki, tena kama kuna cha kupanda kabla ya mvua za Machi. Binti yangu ana siliaki, ule ugonjwa ambao ngano huufanya mwili uumize utumbo wake wenyewe, huu ni mwaka wa nne, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia.

Kwanza, kama daktari hajampima damu, usimwachishe ngano bado. Kipimo kinatafuta namna mwili unavyopambana na gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano. Ukimwachisha mapema, majibu yanaweza kutoka safi na ugonjwa upo. Akishapimwa na ikathibitika, aache kabisa: ngano, shayiri na rai, hata kipande cha chapati ya jirani.

Unga tunao. Muhogo, wimbi, mtama, mchele na mahindi havina gluteni. Muhogo peke yake hutoa mkate mweupe wa kupendeza lakini ni wanga mtupu, na watoto hawa, kwa kuwa utumbo umeumia, wengi hupungukiwa chuma na kalsiamu. Ndiyo maana siachi wimbi: gramu 100 zake zina kalsiamu zaidi ya miligramu 300. Mimi nachanganya vikombe viwili vya wimbi na kimoja cha muhogo.

Shida ni mnato, kwa sababu gluteni ndiyo inayoshika mkate wa ngano. Nimeharibu mikate mingi, yote ikimomonyoka kama udongo mkavu, mpaka nilipojifunza kuanza na uji. Chukua nusu kikombe cha unga wa muhogo, mbali na ule wa kwanza, ukoroge kwa kikombe kimoja na nusu cha maji baridi, bandika kwenye sigiri yenye moto mdogo, na mwiko usitulie. Mwanzoni ni kama maziwa. Kisha ghafla unaganda, unang'aa, na ukiinua mwiko unavutika kama utomvu wa fenesi. Hapo epua. Ukibaki vuguvugu tia mayai mawili, hamira kijiko cha chai, mafuta kidogo na chumvi, halafu unga wako. Ongeza maziwa ya vuguvugu kidogo kidogo mpaka upate rojo zito la kumimina. Usikande. Uache uumuke mara moja tu, kisha oka. Sina oveni, naweka mchanga kwenye sufuria kubwa, chombo cha mkate juu yake, makaa chini na juu ya mfuniko, karibu saa nzima. Na subiri upoe kabisa ndipo ukate. Ukiukata wa moto, ndani utakuwa kama gundi na utadhani haujaiva.

Sasa kilichoniumiza kweli. Mwaka wa pili binti yangu alianza tena kuharisha na kukonda, nami naapa ngano haijaingia nyumbani. Kumbe mashine niliyokuwa nasagia wimbi ilikuwa inasaga na ngano ya uji wa lishe, na vumbi lake lilibaki mle ndani. Nililia siku ile. Sasa nasagia panaposagwa muhogo na wimbi tu, na chekeche langu haliazimwi. Kabalagala nazo, zile keki bapa za kukaanga, ingawa asili yake ni ndizi sukari mbivu na unga wa muhogo, wako wauzaji wanaotia ngano. Pika mwenyewe: ponda ndizi zilizoiva sana, tia unga bila tone la maji, kata kwa glasi, kaanga.

Kuhusu shamba, kazi ya Februari ni marando ya viazi vitamu. Kiangazi huyakausha, na mvua ikifika kila mtu anayatafuta. Mimi huyapanda kando ya kisima, kwenye kivuli, na kuyamwagilia jioni. Tafuta viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, kwa vitamini A. Aina ya Kabode na Vita zilitolewa hapa Uganda mwaka 2007. Dkt. Robert Mwanga, Mganda mwenzetu, alipata Tuzo ya Chakula Duniani 2016 pamoja na watafiti wengine watatu kwa kazi ya kuboresha lishe kupitia mazao kama haya. Nilifurahi kama ni ndugu yangu.

Kata ncha za rando, sentimita 30 hivi, kwa sababu sehemu ya chini karibu na udongo ndiyo hubeba fukusi. Theluthi mbili izame tutani. Baada ya miezi minne hivi unachimba, na kikombe kimoja cha kiazi kilichopondwa ndani ya rojo lile kinakuondolea haja ya sukari. Viazi vinapojaza, tuta hupasuka na fukusi huingia kwenye nyufa hizo. Binti yangu ndiye mwenye kazi hiyo: kila Jumamosi anazunguka matuta akiziba nyufa kwa udongo, mkono mmoja umeshika kipande cha mkate.