Kusajili printa kwenye seva isiyo na dirisha

SWALI: Habari fundi. Ofisini tuna kompyuta ya zamani tuliyoiwekea Debian 12, aina ya mfumo wa Linux, bila mazingira ya picha. Naingia kwa SSH tu, yaani naandika amri kutoka kompyuta nyingine. Printa ya leza iko kwenye mtandao, anwani yake 192.168.1.50, nami nataka ripoti ya mauzo ijichape kila jioni. Maelekezo yote ninayoyapata yananiambia nibofye, na mimi sina pa kubofya.

JIBU: Salama ndugu yangu. Kwenye Linux dirisha lile unaloambiwa ubofye halichapi chochote. Linazipeleka tu amri kwa CUPS, programu inayosimamia uchapaji, na CUPS unaweza kuongea nayo wewe mwenyewe:

sudo apt install cups
sudo lpadmin -p ofisi -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere

Usiiache sudo, neno linaloendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi. Kwenye Debian, lpadmin imewekwa /usr/sbin, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hatafutiwi amri, kwa hiyo utaambiwa haipo ilhali ipo.

Iangalie vizuri hiyo -E, maana imewapotezea watu siku nzima. Ikikaa baada ya -p ofisi, inaifungua foleni, yaani printa uliyoisajili kwa jina ofisi, ipokee kazi. Ikitangulia, maana yake inageuka kabisa: inadai mawasiliano na CUPS yasimbwe, na foleni inabaki imefungwa. lpadmin yenyewe haitakuonyesha kosa lolote, ila karatasi haitoki.

Neno everywhere linaiagiza CUPS iiulize printa yenyewe inaweza nini, bila draiva ya kampuni, yaani programu maalumu ya kuiendesha printa hiyo. Printa zenye AirPrint, mfumo wa Apple wa kuchapa bila draiva, kwa kawaida hujibu. Kama yako ni ya zamani na imekataa, tafuta draiva yake kwa sudo lpinfo -m, kisha weka jina utakalolipata badala ya everywhere.

Sasa karatasi. Foleni ikibaki kwenye Letter, saizi ya Marekani, printa inaweza kuwasha taa na kungoja karatasi ambayo hamna hapo ofisini. Mimi huliweka sawa kabla ya kuchapa chochote:

sudo lpadmin -p ofisi -o PageSize=A4
lpoptions -p ofisi -l

Kwenye mstari wa PageSize, nyota iwe kwenye A4. Kisha jaribu:

lp -d ofisi /etc/os-release
lpstat -t

Ukiona foleni imesimamishwa, iamshe kwa sudo cupsenable ofisi. Ripoti yako ya jioni itahitaji mstari mmoja tu ndani ya crontab -e, orodha ya kazi zinazojiendesha kwa saa zilizopangwa, tuseme saa kumi na mbili na nusu:

30 18 * * * lp -d ofisi /srv/ripoti.pdf

Ingia pia kwenye ruta uifungie printa anwani hiyo ya 192.168.1.50. Umeme ukikatika na kurudi, printa inaweza kupewa anwani nyingine, na CUPS itaendelea kuigongea ile ya zamani. Ikigoma hata hivyo, tuma kazi upya huku unaisoma /var/log/cups/error_log kwa sudo tail -f, uniletee mistari kumi ya mwisho.