Re: Gari linachemsha kwenye foleni, likikimbia linapoa

Habari mkuu. Kwa nilivyokuelewa gari umelinunua mkononi kwa mtu, sindano ya joto inapanda ukikaa kwenye foleni, ukipata barabara ya kasi inashuka yenyewe, na fundi kashakwambia mfungue injini. Usikubali kwanza!

Likikimbia upepo wenyewe unapoza rejeta (ile inayopoza maji ya injini), likisimama kazi yote ni ya feni, kwa hiyo anzia hapo. Washa gari likiwa limesimama, washa AC, fungua boneti uone kama feni inazunguka, mikono mbali. Haizunguki? Angalia fyuzi, halafu relei (kile kiswichi cha umeme kinachowasha feni), halafu soketi ya feni yenyewe. Langu lilinitesa wiki mbili, nikabadilisha thamostati (vali inayopitisha maji ya moto kwenda kwenye rejeta) bure kumbe pini moja ya soketi imeota kutu ya kijani, nikaikwangua kwa msasa feni ikawaka palepale.

Kama feni ni nzima, chungulia kati ya kondensa ya AC (ile kama rejeta iliyo mbele, inayopoza gesi ya AC) na rejeta, pale ndo panajaa vumbi na wadudu, osha kwa maji ya presha ndogo maana vile vibati vinapinda kirahisi. Na mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto, tafadhali sana, yale maji yanaruka hadi usoni.

Ila maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja popote, au oili ikawa kama chai ya maziwa, hapo ndo tuongelee gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku). Cheki feni kwanza utuletee majibu.