Anti, mbwa niliyemwokoa anajificha na mume wangu kashachoka

"Anti shikamoo. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Goba, Dar. Wiki iliyopita nilichukua mbwa jike kwenye kituo cha kuokoa wanyama, walimwokota barabarani ana kidonda cha waya shingoni wakamtibu. Wanangu wamempa jina Kipusa. Tangu aje anajificha nyuma ya kochi, hali mpaka wote tulale, kapeti ameshalikojolea, na akimuona mume wangu kashika fagio anatetemeka mwili mzima. Mume sikumwambia kabla ya kumleta, ndo kanuna, anasema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, afungwe mnyororo getini aanze kulinda la sivyo nimrudishe. Mama mkwe anakuja mwezi ujao na ye ni mtu wa swala tano. Nimemkosea wapi huyu mbwa? Alafu juzi alimparua binti yangu wa miaka 6 kwa jino alipomkumbatia, ila ni kidogo tu. Mama wawili."

Marahaba mwanangu. Yaani umelilia kapeti mistari yote hiyo alafu la mtoto ukalichomeka mwishoni na "kidogo tu" juu yake. Mi naanza na hilo.

Kichaa cha mbwa hakina kidogo. Mtu akishaanza kuonyesha dalili, kupona ni kama hakuna, na hapa kwetu wanaokipata karibu wote wamekipata kwa mbwa, tena wanaoumwa sana ni watoto. Kwa hiyo ukimaliza kusoma aya hii weka simu chini, mpeleke binti hospitali leo hii, waambie jino la mbwa limegusa ngozi na lini. Daktari ndo atasema achomwe chanjo au la, sio mimi wala jirani yako. Na siku nyingine ikitokea, hata mkwaruzo usiotoa damu, unaosha palepale kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, zihesabu kweli kwenye saa maana watu wanaosha nusu dakika wanasema tayari, msipake majivu wala mafuta ya taa. Alafu tafuta kadi ya chanjo ya Kipusa uliyopewa kituoni uangalie tarehe, kama kachanjwa majuzi tu kinga bado haijakomaa, inachukua kama wiki 3 hadi 4, kadi nenda nayo hospitali. Mbwa mwenyewe mchungeni siku 10 tangu siku ile, akibaki mzima na anakula vizuri ni dalili njema sana, ila hizo siku 10 sio sababu ya kumchelewesha mtoto nyumbani.

Haya, tuje kwa Kipusa.

Hujamkosea popote. Mbwa huyu kaishi barabarani, binadamu aliyekuwa karibu naye kamfunga waya mpaka ukaingia kwenye nyama, kisha kabebwa na watu asiowajua, kachomwa sindano, kawekwa pamoja na mbwa wengine wanaobweka usiku kucha, na kabla hajajua mlango uko wapi kabebwa tena kaletwa kwako kuna tivii, watoto, jiko la gesi linawaka, bodaboda inapiga honi. Sisi kichwani mwetu tumemwokoa tunasubiri atikise mkia. Yeye hajui kama kaokolewa, anajua kahamishwa tena. Kujificha nyuma ya kochi ndo jambo la akili aliloliona, angekuwa na nia mbaya angewang'ata sio kujificha.

Mumeo na methali yake ya jembe, nimecheka. Lakini mbwa wa aina hii siku ya tatu ndo kwanza anaanza kuinua kichwa. Watu wanaopokea mbwa hawa wana hesabu yao, siku 3 za kutulia, wiki 3 za kuanza kujua ratiba ya nyumba, miezi 3 ndo aone hapa ni kwake. Sio sheria, wapo wa mwaka mzima, lakini inakusaidia usidai wiki ya kwanza kitu cha mwezi wa tatu.

Kwa hiyo cha kwanza mtoe sebuleni. Sio adhabu, sebule ni pakubwa na kila mtu anapita. Nyumba nyingi za huko Goba zina kibaraza cha nyuma au stoo ndogo karibu na jiko, mtengenezee kona hapo, pembeni pawe na ukuta pande mbili, boksi kubwa lililolazwa ubavu au meza iliyofunikwa shuka, kanga kuukuu ndani, maji karibu. Hiyo ni ya kwake, na mtu yeyote haingizi mkono humo, hata wewe, hata kumtoa aoge. Kuoga kwenyewe kusubiri, kama ana kupe dawa za kudondoshea mgongoni zipo, muulize daktari wa mifugo.

Chakula unaweka karibu na kona unaondoka, usisimame kuangalia kama atakula. Dona kwa dagaa waliooshwa chumvi ikatoka, au utumbo uliochemshwa vizuri, sawa kabisa, ila muulize kituo alikuwa anakula nini uendelee nacho siku kadhaa kabla ya kubadili taratibu, tumbo lenye stresi linaharisha kwa kitu kidogo. Kitunguu maji na kitunguu saumu usiweke, chokoleti na zabibu wala, na mifupa ya kuku iliyopikwa watoto wasimtupie, inavunjika vipande vikali. Kula usiku mkilala ni kawaida kwa sasa. Kisichokuwa kawaida ni siku mbili bila kugusa chochote, kutapika, kuharisha damu, au ukimwona fizi zimekuwa nyeupe, hapo usisubiri azoee nyumba, homa za kupe huku kwetu ni nyingi na zinaua, mwite daktari.

Kapeti sasa. Kuna kukojoa kwa kutojua choo kiko wapi na kuna kukojoa kwa hofu, na Kipusa anavyotetemeka akiona fagio nadhani ana vyote viwili. Cha kwanza unakimaliza kwa kumtoa nje sehemu ileile asubuhi, baada ya kula, akiamka na kabla ya kulala, akimaliza mpe kipande cha nyama palepale. Cha pili hakina dawa ya fimbo, ukimgombeza anakojoa zaidi, na ile tabia ya kumsugua pua kwenye mkojo wake acheni kabisa, haelewi mnachotaka, anaelewa tu kwamba mkono wako unaumiza. Kapeti lifute kwa siki na maji, harufu ikibaki anarudi hapohapo. Au likunje, likae kabatini mwezi mmoja, kapeti nalo sio mtoto wako jamani.

Geti nalo angalia sana maana wiki hizi za mwanzo ndo hatari ya kutoroka ni kubwa, akitoka na hofu hiyo hatarudi, hajui hata ni kwake. Mwambie dada na watoto geti halifunguliwi kabla hajajulikana yuko wapi. Na kwa vile shingo ina kovu usimfunge kitu shingoni, nunua mkanda ule wa kifuani, andika namba ya simu juu yake, ukimtoa kamba iwe mkononi hata ndani ya uzio.

Sasa mumeo. Mwanangu hapa nitakuwa mkali kidogo. Mbwa anaishi miaka kumi na zaidi, huwezi kuleta kiumbe cha miaka kumi kwenye nyumba ya watu wawili bila kuuliza wa pili. Kununa kwake sio roho mbaya, angekuletea yeye mbuzi ungenuna pia. Kamwombe radhi, na usichanganye radhi na utetezi wa mbwa, sema tu nilipaswa kukuuliza, sikukuuliza, samahani. Nyamaza. Mambo ya Kipusa yazungumzeni kesho yake.

Ila kwenye mnyororo hana hoja. Mbwa mwenye hofu ukimfunga mahali asipoweza kukimbia unamwachia njia moja tu, meno, na atakayeumwa sio mwizi, ni muuza mboga, ni mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Kulinda anafundishwa na kuona hapa ni kwangu, akishazoea atabweka mwenyewe akisikia hatua ngeni, mumeo atalalamika kelele. Na kama anapenda sheria mwambie Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, kumtesa mnyama ni kosa. Mnaweza kukutana katikati, asikae sebuleni kama ulivyotaka wewe wala getini kama anavyotaka yeye, akae kibaraza cha nyuma.

Alafu mpe mumeo kazi ya chakula cha jioni. Simaanishi kumlisha mkononi, hapana, aweke sahani apite zake bila kumtazama usoni. Baada ya siku kadhaa akae pale chini, ubavu kwa ubavu asimkabili, asome simu yake, arushe kipande cha nyama pembeni. Mbwa aliyeumizwa na mwanaume huanza kubadilika pale mwanaume anapokuwa chanzo cha nyama na hataki chochote kwake. Fagio lifichwe akiwa karibu, baadaye sana ndo mnalilaza chini mbali na kutupa nyama upande wake.

Mama mkwe nae hicho kibaraza kinamsaidia. Huku pwani Waislamu wengi tunafuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, chombo huoshwa mara saba moja kwa udongo, na mama wa swala tano hataki mashaka na nguo zake. Kwa hiyo vyombo vya Kipusa viwe vyake peke yake vioshwe nje, mlango wa nyuma ufungwe, mswala ukae chumbani. Mpigie kabla hajapanda basi umwambie kuna mbwa na yuko wapi, usimwache agundue mlangoni kama mumeo. Akiwa na swali la fiqhi amuulize shehe wake, mi sio wa kumjibu.

Watoto. Kukumbatia kwetu ni upendo, kwa mbwa asiyekuzoea ni kukabwa, na kwa huyu aliyewahi kukabwa kweli sitaki hata kufikiria. Kwa sasa hawamgusi, hawamfuati kwenye kona yake, hawamsogelei akila au akilala, na hawaachwi naye peke yao hata ukienda kuzima jiko. Wafundishe kusoma dalili, watoto wanapenda hiyo: kageuza uso, analamba pua bila chakula, anapiga miayo na hana usingizi, weupe wa jicho unaonekana, kafyata mkia, hapo anaomba nafasi. Akinguruma msimpige, mkimzoesha kunyamaza siku nyingine atauma bila taarifa. Na kwenye ile kadi angalia pia kama alifungwa kizazi, kama bado ulizia mapema, madume wa mtaa mzima yakilala getini kwako ndoa yenu haitaivumilia hiyo.

Umeuliza kati ya mistari kama kumrudisha ni dhambi. Si dhambi. Kama mtoto bado yuko hatarini au mumeo amekataa kabisa baada ya kuongea kama watu wazima, mrudishe kulekule kituoni kwa mkono wako, usimpe mlinzi wa saiti wala kumtelekeza njia ya Bagamoyo, na ukifika waambie ukweli wa lile jino na lile fagio bila kupunguza, ili watafute nyumba isiyo na watoto wadogo.