Nataka PhD Ireland, nimpe huyu jamaa laki nane?

SWALI: Dada, habari za kazi. Nina masta ya sayansi ya chakula, risechi yangu ilikuwa ya maziwa mgando, sasa hivi nafundisha chuo cha kati. Kuna jamaa kaniambia Ireland wanatoa PhD za kulipiwa, ila anataka laki nane anitafutie nafasi. Mwenyewe nilijaribu Ireland Fellows, skolashipu ya serikali yao, nikakuta ni ya masta tu. Nimpe hela? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Mdogo wangu, usimpe hata mia. Nafasi zenyewe zinatangazwa wazi kwenye tovuti za vyuo na kuzisoma ni bure, halafu kitu kinachokupa PhD kule ni supavaiza, yaani profesa wa kukusimamia, anayekutaka, na huyo dalali hawezi kukutafutia, maana profesa anataka aongee na wewe mwenyewe.

Njia ziko mbili. Ya kwanza profesa anakuwa tayari na hela ya mradi, anatangaza, unaomba kama unavyoomba kazi. Ya pili unakuja na andiko lako la utafiti unaotaka kufanya, unaomba Research Ireland, taasisi ya serikali iliyoanza Agosti 2024 baada ya kuunganisha mbili za zamani. Wanatoa posho ya euro 25,000 kwa mwaka isiyokatwa kodi, na dirisha lao kwa kawaida hufungwa Oktoba. Hapo nako huombi bila supavaiza, na sisi wa nje ya Ulaya tunapata nafasi chache kuliko wao, kwa hiyo kwa fani yako mimi ningeanza na ya kwanza.

Maana kwenye maziwa hao watu wako mbali sana! Kuna Teagasc, taasisi yao ya kilimo, wana kituo cha utafiti wa maziwa na chakula kinaitwa Moorepark, pale Fermoy kaunti ya Cork. Skolashipu yao inaitwa Walsh, unasajiliwa chuo kikuu lakini risechi unaifanya na watafiti wao. Anzia hapo, na uangalie pia University College Cork.

Sasa imeli. Usiandike ile ya "Dear Sir, naomba ufadhili" ukawatumia watu arobaini, haisomwi. Chagua mtu mmoja, soma pepa zake mbili tatu (makala za utafiti alizochapisha), kisha mwambie moja kwa moja: nimesoma pepa yako kuhusu bakteria wa kugandisha maziwa, mimi nilipima mgando wa kienyeji nikapata hiki na hiki, ningependa kuendelea hapa, je una nafasi yenye ufadhili? Ambatanisha CV, basi. Wiki mbili kimya, mkumbushe mara moja halafu nenda kwa mwingine.

Akikubali kuna swali la kuuliza kabla hujafurahi, na hili limeliza wengi: ada inalipwa yote? Research Ireland wanachangia ada mpaka euro 5,750 kwa mwaka, na ada ya mwanafunzi wa nje ya Ulaya inaweza kuzidi hapo, kwa hiyo taka maandishi kwamba chuo kinasamehe tofauti, la sivyo itakatwa humo humo kwenye posho yako, na kodi ya chumba hasa Dublin ni kali mno, Cork kuna unafuu kidogo.

Anza na pepa wiki hii. Ukishaandika hiyo imeli nitumie kwanza niipitie kabla haijaenda.