Ukitaka kutengeneza kifaa cha kupima mitetemo, anza na saa

Mdogo wangu, hongera kwa ajira. Umesema wiki ya kwanza tu mjiolojia mmoja wa hapo kwenye taasisi amekuambia "nitengenezee kifaa cha kupima mitetemo", akaondoka, na sasa unauliza ununue sensa gani. Kazi hiyo nimeifanya miaka 14, mingi yake kati ya Ziwa Natron na volkano ya Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania. Usinunue kitu kwanza.

Mfuate, kaa naye. Muulize anatafuta vitetemeko vidogo vya karibu au mawimbi ya polepole ya matetemeko ya mbali. Kwa vile vya karibu, jiofoni (sensa inayohisi mtikisiko wa ardhi) ya hezi 4.5 inatosha na bei yake inavumilika. Yale ya polepole jiofoni hiyo haiyasikii. Muulize pia kifaa kitakaa porini siku ngapi bila mtu. Kifaa kinachokula wati 2 kinatumia wati-saa 48 kwa siku, na betri ya volti 12 yenye ampia-saa (Ah) 100 usiishushe chini ya nusu. Hapo bila jua una siku 12 tu.

Sasa saa, maana hapo ndipo nilipoumia. Kifaa chetu cha kwanza kilifanya kazi vizuri kabisa mezani, tukakipeleka chini ya Lengai. Tuliporudi baada ya wiki sita taa ya kijani ilikuwa inawaka na kadi imejaa data. Tukashangilia. Kisha nikafungua plagi ya antena ya GPS, ile inayopokea saa sahihi kutoka kwa setilaiti. Kwenye nyuzi zake kulikuwa na unga mweupe kama chumvi, na pini ya katikati imeliwa, imebaki kisiki. Vumbi la magadi likipata umande wa alfajiri linapitisha umeme, na pini ile ina volti muda wote, kwa hiyo huliwa haraka.

Kifaa kilikuwa kimepoteza setilaiti tangu wiki ya pili. Kuanzia hapo kilitegemea saa yake ya ndani, yaani fuwele ya kwartzi ya bei rahisi, ya sehemu 20 katika milioni, ambayo inaweza kukosea hadi sekunde 1.7 kwa siku. Wimbi la kwanza la tetemeko hukimbia takribani kilomita 6 kwa sekunde kwenye miamba ya juu. Sekunde moja tu ya makosa, umbali wa tetemeko umekosea kilomita 6. Kijana aliyekuwa akisubiri data ile kwa tasnifu yake aliiangalia skrini bila kusema neno. Mpaka leo inaniuma.

Tangu siku ile kila plagi naizungushia utepe wa mpira unaojishika wenyewe, naielekeza chini, na waya naukunja kitanzi ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye sanduku. Kwartzi natumia iliyosawazishwa dhidi ya joto. Na kifaa lazima kiandike kwenye kadi, kila saa, kama kimeiona setilaiti au la. Taa ya kijani siiamini tena.

Kabla ya safari, kilaze kifaa kipya kando ya kile mnachokiamini, sakafu moja, wiki nzima, kisha linganisha michoro yao. Isipolingana msiondoke, hata kama gari limeshajazwa mafuta na bosi ananuna.

Waya wa sola upitishe ndani ya bomba na uufukie, fisi wanautafuna. Na usichimbe shimo kabla hujaenda kumsalimia mzee wa boma la jirani na kumweleza kifaa kinafanya nini. Pale Engaresero, kijiji kilicho karibu na Lengai, watu wazima wanaikumbuka Julai 2007, ardhi ilivyotikisika siku baada ya siku, kisha Septemba Lengai ukaanza kulipuka. Huhitaji kuwashawishi. Kuna mzee alikuwa akipitia kifaa chetu kila akichunga, akituambia kwa simu kama paneli imefunikwa na majivu.

Rudi kwa mjiolojia wako, upate majibu ya yale maswali mawili, uyaweke hapa. Nitakusaidia kuchora saketi.