Mama haongei lakini anaimba, je sanaa inatibu kweli?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu alipata kiharusi, maneno hayatoki, hata jina langu linamshinda, ila wimbo anaoujua ukianza anauimba mpaka mwisho na maneno yamenyooka kabisa. Kaka yangu kasoma kwamba sanaa inarefusha maisha, anataka mama aende kwaya tuachane na kliniki. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Kliniki msiache, kaka yako mwambie hivyo hivyo.

Ila hicho unachokiona kwa mama ni kitu halisi. Kwa watu wengi kuongea kunategemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, kuimba kunatumia na wa kulia, na maneno ya wimbo wa siku nyingi yanatoka yenyewe bila kutafutwa, ndo maana tangu miaka ya 1970 kuna tiba ambapo mgonjwa anafundishwa sentensi fupi kama "nataka maji" kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku anagongagonga mkono wa kushoto mezani, halafu mwalimu anaupunguza wimbo kidogo kidogo mpaka yabaki maneno. Haimfai kila mtu, na sentensi alizozoezwa ndo zinashika zaidi kuliko mpya, lakini mimi ningeiulizia kwa mtaalamu wa tiba ya usemi wiki hii hii.

Hiyo ya kurefusha maisha nadhani inatokana na utafiti wa Uingereza wa 2019, watu 6,710 wa miaka 50 na kuendelea walifuatiliwa kama miaka 14, na wale waliokuwa wanaenda makumbusho, tamthilia au konseti kila baada ya miezi michache hatari yao ya kufa ilikuwa chini kwa 31% kuliko wasioenda kabisa. Sasa mwenye afya na hela ndo anaweza kutoka, si ndiyo? Watafiti walilipigia hesabu hilo na tofauti ikabaki, ila hakuna aliyepangiwa kwenda ili tuone matokeo, kwa hiyo huwezi kusema sanaa ndo iliyowaongezea miaka. Ushahidi una nguvu zaidi kwenye mambo madogo madogo, mfano muziki kupunguza wasiwasi kabla ya upasuaji.

Kwaya aende kama anapenda, watu wale watamchangamsha. Nyumbani imbeni naye, akikwama kwenye neno msimmalizie haraka, na dawa ameze kama alivyoandikiwa.